Ninavyowapita waendesha baiskeli nikiwa na tela nyuma

Kati ya Nzega na Kahama, hasa ukishapita Tinde, baiskeli ziko njiani tangu alfajiri. Huyu kabeba magunia ya mkaa, yule madumu ya maji, mwingine kampakia mke na mtoto, na wanafunzi wanawahi shule wawili wawili. Mimi hupita hapo na semitrela nikitoka Dar es Salaam, na sasa naweza kusema kazi ya kuwapita watu hawa bila kuwatoa barabarani nimeimudu. Madereva vijana wanafundishwa kuovateki basi. Kuovateki baiskeli kila mtu anajifunza mwenyewe, na anayelipia somo ni yule aliye juu ya baiskeli.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa mkaa pale Tinde. Nilikuwa nimepaki, naye kaegemeza baiskeli kwenye mti anapumzika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza anasikiaje lori likimpita karibu. Akajibu bila kufikiri mara mbili: "Kichwa cha lori kikifika, upepo unanisukuma nje. Najikaza, naegemea kwenu. Sasa tela likimalizika, upepo unageuka, unanivuta ndani, na mimi bado nimeegemea hukohuko. Hapo ndipo tunapoangukia."

Sijawahi kuambiwa jambo hilo na mwalimu yeyote wa udereva. Maana yake ni kwamba hatari haiishi kichwa kikishampita. Mwisho wa tela ndio mbaya zaidi, na wakati huo dereva mwingine keshaanza kurudi kushoto.

Nikaanza na suala la nafasi kati ya lori na baiskeli. Nchi nyingi zimechukua kipimo cha mita 1.5, Ujerumani tangu 2020 wameandika kwenye sheria mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Sasa piga hesabu. Lori lina upana wa kama mita 2.5. Ongeza hiyo 1.5, ongeza baiskeli yenye magunia ubavuni ambayo haipungui mita nzima. Zimefika mita 5, na upande wetu wa lami una mita 3 na kidogo tu. Kwa hiyo kujibanabana ndani ya njia yako huku magari yanakuja mbele hakuwezekani, hata uwe fundi kiasi gani. Ama unahamia upande wa pili kama unavyopita gari, ama unakaa nyuma unasubiri.

Kuijua hesabu ni kitu kimoja, kuiona kwenye kioo ni kingine, maana sisi tunakaa kulia na mwenye baiskeli yuko kushoto. Hilo nililimaliza yadi, kabla ya kupakia. Nilimwambia utingo wangu, "Dogo, lete futi, tuazime na baiskeli ya mlinzi." Akaisimamisha mita 1.5 kutoka tairi za mbele, mimi niko kwenye usukani. Uwazi ulionekana mkubwa kabisa. Tukaipeleka nyuma, usawa wa tairi za mwisho za tela, umbali uleule. "Hapo unaionaje, kaka?" Uwazi ulikuwa mwembamba kuliko kidole. Na aliposogea nayo karibu na mlango wa kushoto, akapotea kabisa kwenye kioo kikubwa. Namshauri kila dereva wa lori afanye zoezi hili, halina gharama. Tangu hapo najua kioo kinatakiwa kunionyesha nini ndipo nirudi kushoto, na sirudi mpaka nimemwona mtu mzima mzima, nyuma ya tela, anapiga pedeli.

Kisha muda. Mimi nikiwa 40 kwa saa na yeye 15, kumpita tangu ninapotoka kwenye njia yangu hadi ninaporudi kunachukua kama sekunde 8. Katika sekunde hizo nasogea mita 90, na basi linalokuja kwa 80 linakula karibu mita 180. Jumla mita 270, hapo bado hujaweka akiba. Mimi nataka nusu kilomita iliyo wazi. Kwenye kona au mlima siendi, hata nikinyanyaswa kwa taa na honi za nyuma. Nawasha indiketa ya kulia mapema, walio nyuma wajue nina jambo, na napunguza mwendo nikiwa bado mbali ili nisije nikamfungia breki mgongoni.

Honi napiga mara mbili fupi nikiwa mbali, basi. Ukiipiga umeshamkaribia, atageuka kuangalia, na mkono unafuata shingo. Zaidi ya yeye, naangalia lami iliyo mbele yake: shimo, mchanga, dimbwi, bodaboda iliyopaki. Kitu hicho ndicho kitakachomleta katikati. Na pale lami ilipokatika pembeni ikaacha ngazi, usitegemee atashuka. Akishuka na mkaa ule anaanguka. Mtoto aliyepenyeza mguu kwenye fremu ya baiskeli ya baba yake nampa njia yote.

Bosi alilalamika kuhusu muda. Nikamwonyesha kwamba kumsubiri mtu mmoja ni nusu dakika, na foleni ya mizani inakula zaidi ya hiyo. Hakurudia.

Usiku bado unanisumbua, kwani wengi hawana taa. Vipande vya stika za reflekta vinavyobaki tukishavalisha tela, tunawagawia pale Tinde. Kwenye gunia hazishiki, kwenye madigadi zinafunikwa na mzigo. Panapofaa ni pedeli na fito za chini za keria: pedeli ikipanda na kushuka, unajua kutoka mbali kwamba huyo ni mtu.