Tambi za kukaanga za Guangzhou kwenye jiko la chumba cha kupanga

Tambi za kukaanga kwa sosi ya soya, chow mein ya Kikanton, zinauzwa kila mtaa hapa Guangzhou. Hata hivyo inafaa ujue kuzipika mwenyewe, hasa kama unakula halali, kwa sababu baadhi ya wauzaji hukaangia mafuta ya nguruwe.

Wengi wetu tukizipika nyumbani zinageuka bokoboko, na chanzo ni maji. Jiko la mgahawa lina moto mkali mno, unyevu unakauka papo hapo. Jiko letu halina nguvu hiyo, kwa hiyo ukavu uandae kabla ya kuwasha moto, na usijaze karai. Vipimo hivi ni vya watu 2. Mkiwa watu 6, kaanga mara 3.

Chukua tambi nyembamba za mayai, gramu 200 zikiwa kavu au 300 zikiwa mbichi. Kavu zichemshe dakika 1 hadi 2, mbichi nusu dakika. Zitoe zikiwa bado ngumu kidogo katikati, maana zitaiva tena karaini. Zisuuze kwa maji baridi: wanga wa juu unaozigandisha unatoka, na ile harufu ya magadi ya tambi za manjano inapungua. Zichuje vizuri, zitandaze kwenye sinia nusu saa. Hatua hii usiiruke hata ukiwa na njaa.

Sosi ichanganye mapema: soya nyepesi (生抽) kijiko 1 na nusu cha chakula, soya nzito (老抽) kijiko 1 cha chai, sukari kijiko 1 cha chai, pilipili nyeupe kidogo. Nyepesi ndiyo chumvi yako, nzito ni ya rangi tu. Ukizibadilishana, chakula kitakuwa cheusi bila ladha. Mapishi mengine huweka pia mvinyo wa mchele. Asiyetumia auache, hakiharibiki kitu.

Nyama ya ng'ombe gramu 150 (mtaa wa Xiaobei hapa Guangzhou kuna mabucha ya halali, tafuta kibao cha 清真, yaani halali) ikate vipande vyembamba kwa kukingama na nyuzi zake. Changanya na soya nyepesi vijiko 2 vya chai, wanga wa mahindi kijiko 1 cha chai, maji kijiko 1 cha chakula na mafuta kidogo. Iache dakika 15. Wanga unaifunika nyama isikauke.

Pasha karai la chuma tupu mpaka lianze kutoa moshi, ndipo utie mafuta ya karanga vijiko 2 vya chakula na uyazungushe. Tambi hushika chuma ambacho hakijapata moto. Tandaza tambi, usiziguse dakika nzima, geuza, subiri tena, kisha zitoe. Ongeza mafuta, kaanga nyama kama dakika 1, itoe ikiwa bado na wekundu kidogo. Kitunguu nusu kilichokatwa vipande virefu kipe nusu dakika, kisha rudisha tambi na nyama. Sosi imwage pembeni mwa karai, si juu ya tambi: ikigusa chuma cha moto inaungua kidogo, na harufu inayopendwa inatokea hapo. Geuza kwa vijiti, kwani mwiko unazikatakata. Choroko zilizochipua, gramu 150, na vitunguu majani viingie mwisho, nusu dakika tu. Vikikaa zaidi vinatoa maji na kazi yote imepotea. Zima, nyunyiza mafuta ya ufuta matone machache.

Kama jiko lako ni lile bapa la umeme lisilo na moto, nunua karai la kitako bapa. La mviringo linapata joto katikati tu. Na sufuria zenye utando wa kuzuia kushika usizipashe zikiwa tupu mpaka zitoe moshi, utando unaharibika. Hizo zipashe pamoja na mafuta, ukubali tambi zisizo na ukavu mkali.