4A, 5A au 7A: injini ya gari ninalojiundia

Jumamosi mbili zilizopita nilikuwa nimechuchumaa kwenye sakafu iliyolowa oili huko Kariobangi Light Industries, mkononi nina futi kamba na kipande cha chaki kilichobaki mfukoni tangu Ijumaa darasani. Mbele yangu injini tatu za Toyota zilipangwa juu ya matairi makuukuu. Fundi wangu, ambaye namwita Mzee ingawa amenizidi miaka sita tu, alikuwa amechoka kunisubiri.

"Mwalimu, chagua moja twende. Ile fremu yako itaota kutu."

Fremu yenyewe imekaa bila injini tangu Machi. Ni ya skwea tyubu ya inchi moja, geji 16, niliyoilehemu mwenyewe nyuma ya nyumba yetu Buruburu. Gari ni dogo, la watu wawili, halina paa wala milango, la ukoo wa Lotus Seven, gari la michezo la Uingereza ambalo Colin Chapman alilitoa mwaka 1957. Mimi hufundisha hesabu, na gari hili ndilo jambo ambalo nimelitamani kwa muda mrefu kuliko jingine lolote.

Ila langu litakuwa na injini nyuma ya viti, na sababu ni giaboksi. Ukitaka injini ya Toyota ya familia ya A ikae mbele na kusukuma magurudumu ya nyuma, giaboksi inayoingia bila kuhangaika ni T50, ile iliyokuwa kwenye Corolla AE86 ya miaka ya 1983 hadi 1987. Niliisaka Kirinyaga Road, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, kwa wiki sita. Sikuipata hata moja. Lakini giaboksi za Corolla 100 na 110, zile za kuvuta magurudumu ya mbele, zimerundikwa kama viazi. Basi nikaamua kuchukua injini na giaboksi yake vilivyo, nivihamishie nyuma. Toyota wenyewe walifanya hivyo kwenye MR2 ya kwanza, mwaka 1984.

Anayefikiria njia hii azingatie jambo moja: injini ibaki imeelekea kulekule ilikoelekea kwenye Corolla. Ukiigeuza nyuma mbele pamoja na giaboksi yake, utakuwa na gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Kwangu mimi maana yake ni kwamba manifoldi ya ekzosi, ambayo kwenye Corolla hutazama radieta, sasa itatazama mgongo wangu. Nimeshanunua bati la kukinga joto.

Sasa, ni A ipi?

Watu huzisema kana kwamba ni injini tofauti kabisa, na kumbe ni ndugu wa tumbo moja. 4A ina silinda za kipenyo cha milimita 81, na pistoni husafiri milimita 77 kutoka chini hadi juu. Piga hesabu, utapata sentimita za ujazo 1587. 5A ina safari ileile ya milimita 77, ila silinda zimepunguzwa hadi 78.7, ndipo ikawa 1498. 7A imerudi kwenye kipenyo cha 81 lakini pistoni husafiri milimita 85.5, na hiyo ndiyo 1762 tunayoiita elfu moja mia nane. Kwa kuwa safari imerefushwa, bloku ya 7A imeinuka kuliko za wenzake, na mkanda wake wa taimingi ni mrefu zaidi. Hilo ndilo nililokuwa nikilipima kwa futi kamba. Giaboksi za familia hii hufungwa kwa boliti zilezile, kwa hiyo upande huo sikuwa na wasiwasi.

5A niliitoa mapema. Imejaa kwenye Corolla 110 za mtaani, ni injini mtulivu, lakini ukiwa unanunua kitu hichohicho kwa bei ambayo haitofautiani sana, kwa nini ukubali silinda ndogo? Tatizo ni kwamba kwa macho 5A-FE na 4A-FE (FE ni toleo la kawaida la mtaani) ni pacha. Muuzaji mmoja aliniapia kuwa yake ni 4A. Nilipofuta grisi kwenye bloku kwa kitambaa, namba ikasoma 5A. Usinunue kabla hujaifuta grisi.

7A ilinisumbua zaidi, kwa sababu Mzee aliipenda. Ilitoka kwenye Premio 211, na hoja yake ilikuwa nzito: gari jepesi halihitaji kupiga kelele, linahitaji msukumo wa chini, na 7A husukuma mapema kuliko 4A. Ni kweli. Lakini hii ya Premio ni ile ya linibani, iliyoundwa kuchoma petroli kidogo sana ukiwa kwenye mwendo wa kawaida. Inategemea sensa zake zote ziwe hai na kontroli boksi yake, yaani kompyuta ya injini, iwe imetulia. Mjomba alikuwa na Premio hiyo. Namkumbuka akiwa amesimama kando ya Outering Road, boneti juu, gari likishtuka-shtuka kama mtu mwenye kwikwi, na kila fundi akimwambia abadilishe sensa nyingine. Sitaki kujenga gari jipya juu ya ugonjwa ambao naujua kwa jina.

Tena kuna hesabu ya kasi ya pistoni, ambayo ikizidi huichosha injini. 7A ikizunguka mara 7000 kwa dakika, pistoni huenda kwa wastani wa karibu mita 20 kwa sekunde. 4A hufikia kasi hiyo ikiwa imeshapanda hadi 7800. Mimi nataka injini inayopenda kupanda. Barabara ninayoiona kichwani ni ile ya kushuka Bonde la Ufa kupitia Mai Mahiu asubuhi ya Jumapili kabla malori hayajaamka, nikibadilisha gia kwenye kila kona.

Na hapo ndipo ninapofika kwa ile ya nne, ambayo sakafuni haikuwepo. Niliiona Grogan.

4A-GE ya valvu ishirini. Valvu tano kwa kila silinda, na kila silinda ina throto yake, yaani mlango wake wa kuingizia hewa. Ya kwanza, yenye kifuniko cha rangi ya fedha, ilitoka mwaka 1991. Ya kifuniko cheusi ikafuata mwaka 1995, na Toyota waliitangaza kuwa na nguvu za farasi 165 kwenye mizunguko 7800. Nikiwa kidato cha tatu, jirani yetu mmoja alikuwa na BZ Touring, ile Corolla ya steshenwagoni, yenye injini hiyo. Akitoka kwenye geti kuelekea Mumias Road, nilikuwa naijua sauti yake kabla gari halijatokea. Siyo ngurumo. Ni kama kitambaa kizito kinachochanwa pole pole, halafu kwa nguvu.

Muuzaji alivua turubai, nikaziona zile throto nne zimejipanga, na nikakaa kimya. Bei ilikuwa zaidi ya mara tatu ya 4A-FE. Huenda ningezitafuta hizo pesa. Lakini nilipofuata nyaya kwa mkono, nikakuta zimekatwa kwa msumeno pale zinapoingia ndani ya gari, na kontroli boksi haikuwepo. "Hiyo utapata, kaka, hazikosekani," akaniambia. Injini hii bila nyaya zake na boksi lake ni chuma cha kupendeza tu. Na umri wa mkanda wake wa taimingi hakuna aliyeujua. Kwenye 4A-FE mkanda ukikatika unasimama barabarani, unaweka mwingine, unaendelea. Kwenye ya valvu ishirini, pistoni hukutana na valvu.

Nilitembea hadi stendi ya matatu nikiwa na huzuni ya kweli, na nikapiga hesabu nyingine njiani. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Zile 165 hapa zinabaki kama 135, na 115 za 4A-FE zinabaki kama 94. Corolla 110 ni kilo elfu moja na ushee. Fremu yangu pamoja na kila kitu naipigia kilo 600. Farasi 94 kwa kilo 600, na upepo usoni: hizo zinanitosha kabisa kuanzia. Halafu, kwa kuwa hawa ni ndugu, mauntingi, yaani vishikizo vya injini, nitakazolehemu leo zitaipokea ile ya valvu ishirini siku nitakayoipata ikiwa nzima, na giaboksi itakuwa ileile. Hilo ndilo lililonituliza.

Kwa hiyo nilichora msalaba wa chaki juu ya 4A-FE. Ilikuja kwa nosikati, yaani pua nzima ya gari iliyokatwa Japani, na nyaya zake zilikuwa zimekunjwa vizuri ndani ya gunia pamoja na kontroli boksi. Tuliipima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, papo hapo, ikiwa bado imelala kwenye matairi, kwa betri ya kuazima: psi 155, 152, 155, 150. Mzee alikunja uso kwa sababu kitabu kinataka zaidi. Nikamweleza kuwa kitabu kimeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari, na kwamba kilicho muhimu ni silinda nne kukaribiana. Alifikiri kidogo, akaniuliza niirudie ile hesabu ya hewa, kisha akaiandika ukutani kwa chaki yangu.

Mkokoteni uliifikisha hadi kwenye pikapu ya rafiki, na usiku huo ikalala sebuleni kwangu juu ya katoni. Mauntingi mbili tayari zimeshika. Ya tatu, ya upande wa giaboksi, tunaikata Jumamosi. Mzee ameniambia nije na vipimo kwenye karatasi.