Inteki ya hewa baridi kwenye Forester ya turbo: angalia hewa kwanza, mluzi utakuja wenyewe

Wadau wengi wa Subaru hapa Dar wakisikia gari yangu inavyovuta wanataka kujua nimefunga nini na je inaongeza spidi, na kwa kuwa jibu lake ni refu nimeona bora niliandike hapa mara moja. Gari ni Forester SG5 yenye turbo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini, na injini ni EJ205. Inteki, yaani filta na bomba la kupeleka hewa kwenye injini badala ya vile vya kiwandani, nimefunga na naipenda sana, ule mluzi wa turbo ukikanyaga pale Bagamoyo Road asubuhi barabara ikiwa tupu ni raha kabisa. Ila kwenye vumbi letu na joto letu, inteki inaweza kukuulia injini taratibu huku wewe unafurahia sauti.

Tuanze na kitu ambacho watu wanaruka. Fungua boneti ya SG5, boksi la filta liko mbele kulia, upande wa dereva, na linavuta hewa kutoka pale juu nyuma ya grili. Yaani kiwandani walishakupa hewa ya nje, haitoki kwenye joto la injini. Sasa mtu anatoa boksi lote anaweka ile filta ya koni ikae wazi, karibu na radieta na mapaipu ya moto, anasema amefunga hewa baridi. Hapana, hapo umefunga hewa ya moto. Chomeka kile kidude cha OBD cha bluetooth, kinachosoma taarifa za kompyuta ya gari, uangalie kwenye simu joto la hewa inayoingia, ukiwa kwenye foleni ya Mwenge mchana nje ni nyuzi 32 utakuta filta ya wazi inasoma 60 huko, ukitembea linashuka, ukisimama linapanda tena. Hewa ya 60 ni nyepesi kuliko ya 32 kwa kama asilimia 8, na oksijeni inapungua hivyohivyo, halafu kompyuta ikiona joto inarudisha taimingi nyuma, yaani inachelewesha cheche ya plagi, na nguvu inapungua. Ndiyo maana mchana gari inakuwa nzito wakati kelele zimeongezeka.

Kwa hiyo mimi nilichukua inteki yenye boksi lake la bati, juu ina mpira unaobana kwenye boneti ikifungwa, na hewa inaingia kwa mbele tu. Na kitu cha pili, hiki ndicho naomba usome taratibu, bomba linaloshika sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini, lina kipenyo kilekile cha la kiwandani.

Sensa ya MAF ina waya mdogo wa moto unaopozwa na hewa inayopita, lakini haipimi hewa yote, inaonja kidogo tu katikati ya bomba na kompyuta inapiga hesabu ya iliyobaki kwa kuamini bomba ni la saizi fulani. Ukiweka bomba pana, mfano limetoka milimita 65 kwenda 70, eneo limeongezeka kama asilimia 16, hewa inapita polepole zaidi pale kwenye waya, sensa inaripoti pungufu, kompyuta inamwaga mafuta pungufu. Ukiendesha pole oksijeni sensa, ile inayosoma moshi kwenye ekzosi, inagundua na kusahihisha, huoni kitu. Ila ukikanyaga mpaka chini, turbo imejaa, ile ya oksijeni haitegemewi tena, kompyuta inafuata jedwali lake la mafuta, na hapo ndipo injini inagonga, yaani mafuta yanalipuka vibaya ndani ya silinda. EJ ikigonga sana pistoni zinavunjika pale katikati ya ringi. Nimeona pistoni ya namna hiyo mezani kwa fundi, kipande cha ukingo kimekatika kama kimeng'atwa, na mwenye gari alikuwa amenunua bomba zuri la aluminiamu linalong'aa, bila kutuni, yaani bila kurekebisha programu ya kompyuta ilingane na bomba jipya. Ukitaka bomba pana sawa, lakini bajeti ya kutuni iwepo siku hiyohiyo. Angalia pia fueli trimu kwenye simu baada ya kufunga, yaani kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kiasi gani, ya muda mrefu ikipita asilimia 10 upande wa chanya kuna shida, na ukiachia itakuja taa ya cheki injini na kodi ya hitilafu P0171, maana yake mafuta ni pungufu kwa hewa iliyopo.

Kufunga kwenyewe si kazi ngumu, soketi ya 10 na 12, bisibisi, na uvumilivu. Toa terminali ya nega ya betri kwanza. Soketi ya MAF ina kilipu cha plastiki ambacho kwa magari yetu ya umri huu kimekaushwa na joto, kibonyeze kwa upole, ukivuta kwa nguvu kinabaki mkononi. Sensa ishike kwa mwili wake, ule waya usiuguse hata kidogo, iweke kwenye mfuko safi. Ukishatoa hosi inayokwenda kwenye turbo ziba mdomo wake na kitambaa saa hiyohiyo, maana jiwe dogo au nati ikidondokea mle utaikuta kwenye feni ya turbo. Ukirudisha, angalia mshale wa hewa kwenye sensa, halafu ile hosi ya upumuaji inayotoka kwenye injini irudi mahali pake, mafundi wengine wanaiacha inaning'inia na lile tundu linavuta vumbi bila filta. Klempu kaza mpaka hosi isizunguke kwa mkono, ukizidisha zinakata silikoni. Zikaze tena baada ya injini kupata moto na kupoa. Bomba lisiguse bodi, injini inatikisika ukiachia klachi, litasugua mpaka litoboke.

Sasa matunzo. Kipimo changu ni kitambaa cheupe. Nafungua hosi baada ya filta nafuta ndani ya bomba, upande ambao hewa imeshachujwa. Kikitoka safi, sawa. Kikitoka na vumbi jekundu la Mabwepande, kuna mahali panavuja, na vumbi hilo limeshapita kwenye turbo na silinda, linakula kuta kama msasa. Hapo sisafishi filta tu, natafuta pengo kwanza, mara nyingi ni klempu au filta haijakaa vizuri kwenye shingo yake.

Filta ya pamba yenye oili unaiosha kwa dawa yake na maji ya kawaida yenye presha ndogo, kutoka ndani kwenda nje, unaiacha ikauke yenyewe kivulini, usiipulize upepo wa kompresa na usiioshe kwa petroli. Oili weka kidogo mpaka rangi ienee, ikizidi inarukia kwenye waya wa MAF na masomo yanaharibika. Ikitokea, tumia spreyi ya MAF tu, ya kabureta inaua sensa. Kwa sababu hiyo mimi nimehamia filta kavu, kwa gari ya turbo inayopita vumbini sioni sababu ya kuhangaika na oili. Na nyie mliobaki na filta ya karatasi, acheni tabia ya kupuliza kila sevisi kwa upepo mkali kutoka sentimita mbili, ile inapanua vitundu. Imulike kwa tochi, ukiona nukta za mwanga nunua nyingine.

Masika ndiyo yanayonipa wasiwasi kuliko vumbi. Zile inteki ndefu zinazoshuka mpaka ndani ya fenda chini ya taa zinapata hewa baridi kweli, ila filta inakaa karibu na lami, na pale Jangwani maji yakipanda inafyonza. Maji hayakandamiziki, pistoni ikikutana nayo kondi, ule mkono unaoishika pistoni, inapinda. Machi mpaka Mei kama una ya aina hiyo rudisha boksi la kiwandani. Na gari ikizima majini, usipige stata hata mara moja, ivutwe, fundi atoe plagi zote nne kwanza, kwenye bokseri, hizi injini za Subaru zenye silinda zilizolala, ziko ubavuni zinasumbua lakini zitoke tu, ndipo injini izungushwe kutema maji.