Maharage Yasiyoiva: Jinsi Nilivyoyazoea Maisha ya La Paz

Siku ya nne tangu tufike La Paz nilibandika maharage asubuhi, yakachemka hadi alasiri, na bado punje zilikuwa ngumu. Niliamini kwamba nimeuziwa maharage yaliyokaa ghalani miaka mingi, nikafunga safari kurudi soko la Rodríguez kulalamika kwa Kihispania changu cha kuombea maji. Mama aliyeniuzia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nilikuwa na sufuria ya presha. Mji huo wa Bolivia uko karibu mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka kabla hayajafika nyuzijoto 90, kwa hiyo chungu hutokota kutwa nzima bila kupata joto la kuivisha maharage. Alimtuma binti yake anisindikize nikanunue sufuria hiyo, na jioni ile tulikula maharage laini.

Nilikuwa nimemfuata mume wangu masomoni, na kwa mwaka mmoja na nusu tulioishi huko, mama yule ndiye aliyenifundisha mji. Katika masoko ya La Paz, mwanamke anayeuza na mwanamke anayenunua huitana kwa neno moja, casera, na wakitaka kuonyesha mapenzi husema caserita. Kuitwa hivyo ni ahadi ya pande mbili: mnunuzi hapiti meza yake akaenda kununua viazi kwa jirani, na muuzaji hamfichii vilivyooza chini ya vizuri. Mwanzoni nilipigania bei kama nilivyozoea Kariakoo, naye akawa ananyamaza tu, mpaka siku moja aliponiambia kwamba bei iache, wewe dai yapa yako. Yapa ni nyongeza ile ile tunayoidai kwa muuza mchicha au dagaa: ukishalipa, unanyoosha mfuko na kuomba, naye anakutupia vitunguu viwili au konzi ya njegere. Kwa maoni yangu utaratibu huo unashinda kuvutana, kwa sababu kila mmoja huondoka akijua kwamba amempa mwenzake kitu.

Mezani pake palikuwa na viazi vya rangi na maumbo ambayo sikuwahi kuyaona, na pembeni gunia la vitu vyeusi, vyepesi, vilivyokunjamana, nilivyodhani ni kokoto za volkano. Vilikuwa chuño, yaani viazi vilivyokaushwa kwa baridi. Mwezi Juni na Julai, usiku wa nyanda za juu unapogandisha maji, wakulima hutandaza viazi vidogo nje vigande, kisha asubuhi huvikanyaga kwa miguu mitupu ili maji yatoke, wakarudia hivyo siku kadhaa huku jua likivikausha. Vikikauka hudumu miaka. Mama aligonga viwili pamoja karibu na sikio langu nisikie mlio wake, mkavu kama wa vifuu, akanionya nisivipike kabla ya kuviloweka usiku kucha. Supu yake, chairo, yenye nyama na ngano, ndiyo iliyonipasha mwili moto kuliko koti lolote.

Usafiri haukunisumbua sana. Daladala zao zina mpiga debe anayetaja vituo kwa pumzi moja, na tangu mwaka 2014 kuna magari ya kamba yanayopita juu ya mapaa hadi El Alto, mji jirani ulio juu zaidi.

Jambo lililoniumiza lilikuwa mitaani. Baadhi ya watu wakiniona walifinyana na kunong'ona “suerte”, bahati, kwa imani ya zamani kwamba kumwona mtu mweusi huleta neema. Sikulizoea hata siku moja. Muuzaji jirani alipofanya hivyo mbele ya casera wangu, mama yule alimkemea kwa Kiaimara, lugha ya wenyeji wa nyanda hizo, kisha akanigeukia, akaniambia, “Machungwa yangu yanatoka Yungas, mwanangu. Huko wapo watu wako. Nenda ukawaone.”

Tulikwenda Yungas, kwenye mabonde ya joto ng'ambo ya milima. Barabara inapanda hadi zaidi ya mita 4,600, penye theluji, halafu inateremka saa chache tu na kufika Coroico, kwenye migomba, kahawa na koka. Ng'ambo ya bonde kuna kijiji cha Tocaña, wanakoishi Waafrobolivia, wazao wa watu walioletwa na Wahispania utumwani, ambao katiba ya mwaka 2009 iliwatambua rasmi. Walitupigia ngoma za saya, wanawake wakicheza kwa mavazi meupe. Miongoni mwa majina ya ukoo ya watu hao wa Yungas yamo Angola na Maconde. Mimi ni mzaliwa wa Newala. Niliposikia jina hilo la pili nilimwomba mzee aliyekuwa akitusimulia alitamke tena, naye akalitamka polepole, mara mbili.

Niliporudi La Paz nilimpelekea mama machungwa kumi. Aliyahesabu moja moja, akayapanga juu ya meza, kisha akanyoosha mkono, “Na yapa yangu, caserita?” Nikamwongezea mawili.