Kusoma sheria ukiwa kazini: anza na hesabu ya Dar

Mtu wa Masasi au Nachingwea mwenye ajira akijiuliza kama kusoma sheria kunalipa, mara nyingi hupiga hesabu ya ada ya chuo tu. Hapo ndipo anapokosea. Shahada yenyewe inasomeka ukiwa kazini, kwani Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi. Kinachouma ni kinachofuata: shahada haikufanyi wakili. Ni lazima upite Shule ya Sheria kwa Vitendo, nayo iko Dar es Salaam.

Kwa hiyo andika kwenye daftari: pango la Dar, chakula, nauli, ada, na mshahara utakaoukosa mwajiri akikunyima ruhusa. Ruhusa iulizie kwa maandishi kabla hujalipa ada ya mwaka wa kwanza. Weka na akiba ya kurudia mitihani. Mwaka 2022, kati ya wanafunzi 633 waliotahiniwa kwenye shule hiyo, 26 tu ndio waliofaulu moja kwa moja. Kama unategemea fedha za korosho, kumbuka minada huanza karibu na Oktoba, na ada haisubiri mnada.

Huna nia ya uwakili? Basi nenda kwa ofisa utumishi, usome muundo wa utumishi wa kada yako. Zipo kada ambazo shahada ya sheria haikupandishi hata ngazi moja, mpaka nafasi ya kubadilishiwa kada ipatikane kwenye bajeti. Hilo lijue mapema, tafadhali.