Kunukuu makala ya jarida: anza na jalada

Mwanafunzi wa hapa Tanga anayeandika kuhusu Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, hachelewi kufika kwenye Mambo Leo, jarida la kila mwezi lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Marejeo mengi huharibikia hapo. Mtu anatoa kopi ya shairi au makala, jalada analiacha, na akifika nyumbani hana tarehe wala namba ya toleo. Kabla hujamrudishia mkutubi, piga picha jalada, yaliyomo, na ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa makala.

Kwa APA (mtindo wa marejeo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7, mpangilio ni huu:

Jina la mwisho, H. (1952, Juni). Kichwa cha makala. Jina la Jarida, 30(6), 12–15.

Jina la jarida na namba ya juzuu (hiyo 30) huandikwa kwa italiki. Namba ya toleo kwenye mabano hapana, wala kichwa cha makala. Mwezi usiuache hata kidogo: jarida la kitaaluma hutajiwa mwaka tu, lakini jarida la kila mwezi hutoka mara kumi na mbili kwa mwaka, na msomaji wako hawezi kufunua yote. Likiwa la kila wiki, weka na siku. Ndani ya matini, mwaka unatosha, pamoja na ukurasa kama umenukuu neno kwa neno.

Makala ikiruka kurasa, andika 12–15, 40. Ukiandika 12–40 umedai kurasa ambazo si zake.

Hakuna jina la mwandishi? Kichwa cha makala kinahamia mwanzoni. Kujaza “Mhariri” kwa kubahatisha ni kumzulia mtu.

Angalia pia majina yanayofanana. Kiongozi lilichapishwa Tanga enzi za Wajerumani, na baadaye Kanisa Katoliki likawa na Kiongozi lake. Chicago, mtindo mwingine wa marejeo, inaruhusu kuweka mji kwenye mabano baada ya jina. APA haina nafasi hiyo, kwa hiyo litofautishe ndani ya sentensi yako.

Shairi ulilolisoma kwenye kitabu kilicholinukuu kutoka Mambo Leo, orodhesha kitabu hicho. Jarida hukulishika.

Wanaotumia Zotero, programu ya kupanga marejeo, msichague aina ya jarida la kitaaluma, maana kwa APA programu itaufuta mwezi na kuwaachia mwaka mtupu. Ipo aina ya magazeti na majarida ya kawaida, chagueni hiyo.