Nilivyoing'oa static kwenye mfumo wa chama cha akiba

"Mweke mtumiaji kwenye static, klasi zote zitamwona." Hapa Kampala, kwa waandikaji wa Java, ushauri huu nimeusikia hadi umenichosha, na kila anayeutoa anaapa kwamba kwake unafanya kazi. Unafanya, ndiyo, kwenye laptopu yake akiwa ameingia peke yake. Static ni kigezo cha klasi yenyewe, nacho ni kimoja kwa programu nzima. Mfumo niliokabidhiwa ulijengwa hivyo: karani wa Mbarara akiingia, anamfuta wa Mbale, na amana zinazopokelewa Mbale zinaandikwa jina la Mbarara. Kwenye logi hakuna kosa hata moja.

Wengine wakashauri jina likae kwenye sevleti yenyewe (klasi inayojibu maombi ya kivinjari), bila static. Yale yale. Tomcat, seva inayoziendesha, huunda sevleti moja na kuipitishia maombi ya watu wote.

Data yenyewe niliiacha kwenye HttpSession, kumbukumbu (sesheni) ambayo seva humtunzia kila mtumiaji: klasi ndogo yenye namba, jina, tawi na ruhusa. Nenosiri likishakubaliwa, ita changeSessionId(), inayobadilisha kitambulisho cha sesheni, kwanza ndipo uiweke. Klasi za mikopo na riba hazina haja ya kujua sesheni ni nini, zipe mtumiaji kama parameta. Inachosha kuandika, lakini ndiyo njia safi kuliko zote.

Iliyonisumbua ni klasi ya ukaguzi, inayoitwa kila kona. Hapo nilitumia ThreadLocal, sanduku ambalo kila thredi (mkondo wa kazi ndani ya programu) huwa na lake, nikaijaza kwenye filta, klasi inayopitiwa na kila ombi:

try {
    if (m != null) MtumiajiWaSasa.weka(m);
    chain.doFilter(req, res);
} finally {
    MtumiajiWaSasa.ondoa();
}

Hiyo m, yaani mtumiaji, hutoka kwenye sesheni inayoletwa na getSession(false), na ni null kwa asiyeingia. Ukiacha mabano matupu, kila mpita njia anafunguliwa sesheni mpya. Ndani ya ondoa() kuna remove(), na ndiyo roho ya kazi nzima. Tomcat haitupi thredi baada ya ombi, huirudisha kwenye kundi lake, ambalo kwa kawaida hufika 200. Usipomwondoa mtumiaji, thredi ni boda iliyopakia abiria mpya huku mzigo wa aliyeshuka ungali nyuma.

Ubaya wake, kosa hilo halijitokezi ukilitafuta, maana thredi ni nyingi na watumiaji wa majaribio ni wawili. Basi nikazibana. Kwenye server.xml, faili la mipangilio ya Tomcat, kwenye Connector, weka maxThreads="1" na minSpareThreads="1", uwashe upya. Ingia kama karani kwenye kivinjari cha kawaida. Kisha fungua dirisha la faragha, bila kuingia, uende kwenye ukurasa wa wazi unaochapisha mtumiaji wa sasa. Nilipotoa ile finally kwa makusudi, jina la karani lilijitokeza palepale kwa mgeni asiyejulikana! Nikairudisha, pakawa patupu. Tangu hapo sibishani na mtu, namfungulia madirisha mawili ajionee. Gharama ni bando na soda. Ukimaliza, rudisha namba za awali, la sivyo makarani watapanga foleni.

Ripoti zinazotengenezwa kwenye thredi ya pembeni hazitamwona mtumiaji huyo, kwa sababu ThreadLocal haivuki. Mchukue kabla ya kuianzisha, umpitishe kwa parameta. Na ile klasi ndogo iwe Serializable, yaani inayoweza kugeuzwa baiti za kuhifadhiwa: ukiwezesha Tomcat kuhifadhi sesheni inapozimwa, kisichokuwa hivyo huachwa nje. Umeme ukikatika ghafla hakihifadhiwi chochote, kwa hiyo UPS bado unaihitaji.